Mboji Iliyotoka Mjini

Kibeta, Bukoba
12 Agosti 2024

Shangazi mpendwa Agnetha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kahawa imekauka kabla mvua za ghafla hazijaivamia uani. Huku hatujambo. Pastory anafundisha kama kawaida, anarudi jioni na madaftari ya kusahihisha na njaa ya watu wawili. Mwanangu Kamala ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Juzi aliniuliza kama ng'ombe wa bibi bado wana pembe ndefu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba uliwauza.

Najua simu inakusumbua masikio, ndiyo maana nakuandikia. Mwinjilisti Lameki ameniambia nikimpa kondakta wa basi la asubuhi, barua inakufikia siku hiyo hiyo.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Mkoa wetu umeanzisha mpango mpya wa taka, na mimi ni mmoja wa maofisa wanaousimamia. Kila nyumba na kila meza ya sokoni inatakiwa kuwa na ndoo mbili. Ya kwanza ni ya vitu vinavyooza, ya pili ni ya vikavu: chupa, makopo, plastiki. Vikavu vinauzwa kwa watu wanaovipeleka viwandani. Vinavyooza vinapelekwa bondeni, vinarundikwa na kugeuzwa mpaka viwe mboji. Zamani vyote vilichomwa pamoja, na moshi uliwakuta watoto madarasani.

Mboji hiyo inatafutiwa mashamba ya majaribio huko Muleba, mahali ambapo udongo umechoka. Shangazi, nimekitaja kikundi chako cha akina mama wa usharika. Nimekitaja kabla ya kukuuliza, na kwa hilo naomba usinikasirikie. Nilipoambiwa nitaje watu ninaowaamini, jina lako lilitoka kinywani lenyewe.

Lori la kwanza litapanda huko mwezi ujao ukikubali.

Mwanao,
Hellen


Kamachumu, Muleba
30 Agosti 2024

Mwanangu Hellen,

Marahaba. Mimi nipo. Goti ndilo linaloniamsha siku hizi, jogoo anawika nikiwa nimeshachemsha maji. Kahawa imekauka, asante Mungu. Mjukuu wangu mwambie acheke tu, meno yataota. Ile simu uliyoninunulia naisikia kama nyuki ndani ya debe, kwa hiyo endelea kuandika.

Umeuliza habari za kibanja bila kuuliza, nami nitakujibu. Kibanja cha baba yako, migomba kwa kahawa, kimechoka. Tangu samadi iishe, mikungu imekuwa midogo, na ile migomba iliyo karibu na kaburi lake imeanza kulala kabla ya kuzaa. Natandaza nyasi, lakini nyasi peke yake haitoshi. Nilimwahidi kaka yangu kwamba atalala chini ya kivuli, na kivuli kinapungua.

Nimewaambia wenzangu habari ya lori lako. Jirani yetu Rutashobya alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mjini wanakula, sisi tunaletewa maganda." Nikamwambia, maganda hayo hayo yalitoka kwenye migomba yetu, yanarudi kwao. Wengine waliogopa wadudu, wengine waliogopa harufu. Mwisho wamekubali kwa sababu ni wewe. Walisema hivyo wazi: "Kama ni Hellen wa Rugaibula, tutapokea."

Basi leta lori lako. Nakutumia mkungu mmoja wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa kondakta huyo huyo. Usimpe Pastory wote.

Shangazi yako,
Agnetha


Kibeta, Bukoba
20 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ebitoke zilifika, na Pastory alipata sehemu yake halali. Kamala amekuandikia jina lake nyuma ya karatasi hii. Herufi moja imegeuka lakini nimemwacha.

Nimeambiwa malori yamekwisha kupanda huko. Je, mboji ikoje? Ina rangi gani? Inanukia kama udongo au kama soko? Andika kila kitu, kwa sababu huku ofisini tunasoma ripoti tu, na ripoti hazina pua.

Mpango unakwenda. Mwenyekiti wa mtaa wetu anapita nyumba hadi nyumba akifunua ndoo za watu. Wiki iliyopita alimkuta mzee mmoja ameweka redio mbovu kwenye ndoo ya vinavyooza. Alipoulizwa, mzee akasema, "Muda ukipita hata redio itaoza." Watu wa mtaa bado wanacheka. Lakini faini zimeanza, na sokoni akina mama wanatenganisha vizuri kuliko hata sisi wa maofisini.

Kuna mambo madogo upande wa magari. Yatanyooka.

Wekeni mboji kabla mvua hazijashika sana.

Mwanao,
Hellen


Kibeta, Bukoba
24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nilidhani ni mvua, nikadhani tena ni kondakta, lakini kondakta anasema alimkabidhi Lameki mkononi.

Senene wameanza kuanguka mjini, taa zote za barabarani zina watu chini yake. Nimekukaangia kidogo, nakutumia kwenye chupa ya plastiki. Chupa nirudishie, vinginevyo mwenyekiti wa mtaa ataniuliza.

Katikati ya Januari kutakuwa na ugeni kutoka mkoani na kutoka kwa wafadhili. Wanataka kuona shamba ambalo mboji imefanya kazi. Mratibu wetu, Bwana Byabato, amelichagua la kwako. Wakiridhika, mpango utaendelea hata wilaya nyingine. Wasiporidhika, tutarudi kuchoma.

Nijibu hata mstari mmoja.

Hellen


Kamachumu, Muleba
8 Desemba 2024

Dada Hellen,

Bwana Yesu asifiwe. Anayeandika ni mimi, mwinjilisti Lameki. Shangazi yako amekaa mbele yangu, yeye anasema na mimi naandika. Anasema macho yake yamechoka, ndiyo sababu ameniomba kalamu yangu.

Anasema marahaba. Anasema senene walifika na walikuwa na chumvi ya kutosha. Anasema herufi ya Kamala iliyogeuka imemfurahisha kuliko zile zilizonyooka.

Anasema mboji ni nzuri. Rangi yake ni nyeusi. Nimemuuliza niandike kwamba ni nzuri sana au nzuri tu. Amefikiri, akasema niandike nzuri.

Anasema wageni waje, atawapikia. Anasema kikundi bado kipo, ila akina mama wanakuja mmoja mmoja kwa sababu ya kazi za mashambani.

Shangazi yako ameniambia nisiandike habari za mkono, kwa hiyo siandiki.

Anauliza kwa nini kalamu yangu imekwenda kwa muda mrefu hivyo. Nimemwambia ninamalizia salamu.

Lameki, kwa niaba ya Mama Agnetha


Kibeta, Bukoba
15 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mkono gani?

Macho yako hayajawahi kuchoka. Mwaka jana uliona nimekonda kabla sijashuka kwenye basi. Niambie mkono umefanya nini. Likizo yangu imesogezwa mpaka wageni wapite, vinginevyo ningekuja mwenyewe.

Krismasi njema. Nimempa kondakta sukari na kitenge.

Hellen


Kamachumu, Muleba
29 Desemba 2024

Dada Hellen,

Shangazi yako anasema ni mwiba. Anasema usisumbuke, uangalie kazi yako. Kitenge ni kizuri, amekivaa siku ya ibada.

Mimi ni mwandishi tu.

Lameki


Kibeta, Bukoba
26 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama siku ile, na kila mtu nyumbani ni mzima. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta nakuandikia kama ofisa.

Siku ya wageni wewe ulikuwa mbele, unawaonyesha migomba, na mengi yalifanyika nyuma yako usiyaone. Nataka uyajue yote.

Tuliposhuka kwenye magari ulimsalimia Bwana Byabato kwa mkono wa kushoto. Wewe, Shangazi. Wewe uliyenichapa kiganja mbele ya wageni kwa kupokea karanga kwa kushoto, nikiwa na umri wa Kamala. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya kitenge nilichokutumia mimi. Nikajua hapo hapo kwamba hakukuwa na mwiba.

Ukatupeleka kwenye mistari miwili ya karibu na njia. Mgeni mmoja akapiga picha, akasema, "Safi sana." Mimi nikabaki nyuma, nikazunguka banda la kahawa. Nikalikuta lile rundo ulilolifunika kwa majani makavu ya migomba. Vipande vya chupa, wembe, mabomba ya sindano, mifuko iliyosagika. Nilielewa kwamba mboji yote mliipekua kwa mikono, mkiokota.

Niliporudi, Byabato alikuwa anakuuliza kwa sauti kubwa, "Mama, mboji yetu imekusaidia?" Ukaitikia, "Imesaidia." Wakapiga makofi. Ndipo nilipokuja nikafunua kitenge. Nisamehe kwa hilo, sikukuomba ruhusa. Uliniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu nikiwa mtoto. Nikawaambia wote waangalie vile vidole viwili visivyokunjika. Nikasema, "Hii ndiyo mboji yetu. Mimi ndiye niliyemwambia aipokee. Malori yasimame leo."

Njiani kurudi Byabato aliniambia, "Ungeweza kuniambia pembeni." Nikamwambia nilimwambia pembeni mwezi wa tisa.

Na hilo ndilo nililokuficha. Nyumba zinatenganisha, soko linatenganisha, halafu lori la mkandarasi linamwaga ndoo zote mbili ndani ya tumbo moja. Nililiona kwa macho yangu. Nikaandika taarifa, nikaambiwa nivumilie mpaka wageni wapite. Nikavumilia. Nilidhani kule bondeni watachambua upya. Ningeweza kumpigia simu Lameki nikamuuliza habari za mkono wako. Sikupiga, kwa sababu angeniambia.

Malori yamesimama. Mimi nimetakiwa kutoa maelezo.

Nijibu hata kama ni kwa hasira.

Hellen


Kamachumu, Muleba
16 Februari 2025

Mwanangu Hellen,

Lameki ndiye anayeandika, na leo nimemwambia asiache neno.

Nilikuwa na hasira. Niliikalia wiki nzima. Siku ile ulinivua nguo mbele ya watu, mwanangu. Kitenge ni kitu kidogo, lakini nilikuwa nimejifunika kwa ajili yako. Hilo nimelisema, nalo limekwisha.

Sasa la pili halijaisha. Ulijua kwamba lori linachanganya, ukaniuliza inanukia kama nini?

Nitakueleza ilivyokuwa. Lori la kwanza lilikuwa na vioo vichache, tukaokota tukicheka. La pili lilikuwa baya. Nilikuwa nazika mboji chini ya mgomba ulio kando ya kaburi la baba yako, nikakandamiza kwa kiganja kama nilivyozoea kukandamiza samadi. Kioo kiliingia chini ya vidole. Damu haikunitisha, nilifunga na kitambaa nikaendelea. Mkono ulipovimba mpaka kwenye kiwiko, Lameki alinibeba kwa pikipiki mpaka hospitali. Daktari alisema nilichelewa, na mshipa ulikuwa umekatika. Mkono umebaki, namshukuru Mungu. Ila jembe nalishika kwa vidole vitatu.

Kwa nini sikukuandikia? Nilipotoka hospitali, nilikuta akina mama wameacha kuja. Mmoja alisema barazani, "Hizi ni taka za Hellen." Nikaona nikikuandikia habari ya mkono, nitakuwa nimekubaliana naye. Nikaamua nitaichekecha mboji yote mpaka iwe safi, wageni waje, waone, waondoke, na jina lako libaki kama lilivyokuwa. Nilifanya ujinga. Lameki, andika ujinga.

Ameandika.

Sasa sikiliza. Tulikaa kikao baada ya ibada. Nilitegemea watasema basi, yamekwisha. Lakini Rutashobya, yule yule aliyecheka, alisimama akasema, "Mistari miwili ya njiani imetoa majani mapana. Mimi nimepima kwa macho yangu. Mboji si mbaya. Mbaya ni kinachopanda nayo." Tukakubaliana hatutamwita mgeni tena. Sisi ndio tutashuka. Tutaliokota lile rundo, tutalipeleka sokoni Bukoba, tutawauliza wanaotupa kama kweli wanatenganisha.

Utatupokea?

Shangazi yako,
Agnetha


Bumbire, Muleba
30 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifuata huku kwa boti ya dagaa, baada ya Pastory kuipokea Kibeta. Kwa hiyo umeshajua kutokana na anwani: nimehamishiwa kisiwani. Barua ya uhamisho ilisema mahitaji ya kazi. Pastory na Kamala wamebaki mjini mpaka muhula uishe. Kamala amepata jino moja.

Siwezi kuwapokea sokoni, na hilo linaniuma kuliko uhamisho wenyewe.

Huku ni kwema. Kazi yangu ni mwalo mmoja mrefu, ufuko wa kushushia samaki, wavuvi kutoka kila upande wa nchi, na chupa za plastiki na nyavu mbovu mpaka kwenye mizizi ya miti. Hakuna lori hata moja. Mwanzoni niliona nimetupwa. Sasa naona ni mahali ambapo mtu anaweza kuanza na ndoo mbili na kujua zinaishia wapi. Mama mmoja anayeanika dagaa, Agnes Ndaki, amenipa kona ya uchanja wake niweke magunia ya chupa. Boti zinazokwenda mjini tupu zitayabeba. Ana mdogo wake Bukoba sokoni, anaitwa Sayi, anauza dagaa meza ya pembeni. Mtafuteni. Agnes anasema mdogo wake ana mdomo mkali lakini hasemi uongo.

Umeniuliza swali nami sijalijibu. Ndiyo, nilijua, na nikakuuliza inanukia kama nini. Nilitaka unijibu kwamba inanukia udongo, ili nilale. Sina jibu lingine zaidi ya hilo, Shangazi.

Mkono unauma wakati wa baridi?

Mwanao,
Hellen


Kamachumu, Muleba
27 Aprili 2025

Mwanangu Hellen,

Leo naandika mwenyewe. Ukiona mistari inapanda na kushuka kama vilima vya kwetu, vumilia. Ndiyo, mkono unauma wakati wa baridi. Swali langu umelijibu, sitaliuliza tena.

Tulishuka Bukoba baada ya Pasaka, akina mama saba na Lameki. Rundo tulilitia kwenye ndoo. Nilikuwa nimejipanga kugomba, mwanangu, nilikuwa nimeshapanga maneno ndani ya basi.

Tulimkuta Sayi kwenye meza yake. Nikaiweka ndoo mbele yake, nikafunua. Nikamwambia, "Hiki ndicho mlichotuletea kwenye migomba yetu." Akatazama ndoo, akatazama mkono wangu. Nilidhani atabisha. Akauliza kwa sauti iliyonifikia hata mimi, "Migomba gani?"

Hawakujua, Hellen. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Waliambiwa watenganishe, la sivyo faini. Kwamba maganda yao yanapanda Muleba na kuwekwa kwenye mashamba ya watu, walikuwa hawajui. Sayi akawaita wenzake, soko likatuzunguka. Mmoja alisema, "Mama, sisi tunatenganisha kila siku, njoo uone." Wakatupeleka nyuma kunakosimama lori. Vijana wa mkandarasi walikuwa wanapakia. Ndoo ya maganda, ndani. Ndoo ya chupa, ndani, juu yake. Akina mama walisimama wanaangalia kama watu waliozoea.

Sayi akaniambia, na Lameki akayarudia sikioni mwangu ili nisikose neno: "Ukiona kazi yako inachanganywa mbele yako kila asubuhi, unachoka. Mimi nilichoka. Chupa ikipasuka natupa tu popote. Labda kioo hiki ni changu." Akakishika kipande kimoja kutoka kwenye ndoo yetu.

Hapo maneno yangu ya basi yaliisha.

Kelele ziliwaleta watu wa ofisini. Bwana Byabato alikuja kwa miguu, shati limelowa jasho. Hakusema niliyotegemea. Alisimama akaliangalia lori mpaka likamaliza kupakia. Kisha akasema, "Teremsheni taka zote." Dereva akauliza kama anatania. Akarudia. Walishusha takataka zote palepale chini, na harufu ilitupata sote, na akina mama wa soko pamoja nasi tukaanza kutenganisha, wao kwa glovu za kuoshea vyombo, Byabato kwa mikono mitupu mpaka Sayi akamfokea na kumpa mfuko wa nailoni avae.

Tumekubaliana hivi. Lori la maganda litakuwa la maganda peke yake. Haliondoki sokoni kabla akina mama wawili wa soko hawajalichungulia. Na mara moja kila msimu, mmoja wao atapanda nalo mpaka huku, aone linapoishia. Mkandarasi alikataa sharti hilo, nasikia mkataba wake hautaendelea.

Byabato aliniuliza uko wapi siku hizi, kana kwamba hajui. Nikamwambia, "Mlimpeleka wenyewe."

Nimechoka kuandika. Salimia Agnes, mwambie kweli mdogo wake hasemi uongo.

Shangazi yako


Bumbire, Muleba
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa sauti kwenye uchanja, Agnes akiwa anageuza dagaa. Nilipofika mahali Sayi alipomfokea Byabato, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniomba nirudie pale mdogo wake aliposema amechoka. Nikarudia. Hakucheka tena, akasema tu, "Alikuwa hajaniambia."

Magunia ya kwanza ya chupa yameondoka. Yalijaa boti, na nahodha alilalamika kwamba yanapeperuka kwa wepesi. Kamala na Pastory watakuja shule zikifungwa.

Byabato amenipigia simu. Alianza na habari za hali ya hewa. Mwisho akasema angependa nirudi kusimamia soko. Nimemwambia anipe muda. Huku nimeanza kitu, na sitaki kukiacha kikiwa ndoo moja.

Je, lori limepanda?

Hellen


Kamachumu, Muleba
22 Juni 2025

Mwanangu Hellen,

Marahaba. Limepanda.

Lilifika kabla ya saa sita, jua kali, na Sayi ameketi mbele na dereva, amevaa kitambaa chekundu kichwani kama anakwenda harusini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda huku juu. Alishuka akatazama vilima, akasema, "Kumbe ndizi zinatoka mbali hivi." Kwao ni kwenye mihogo na pamba, alisema hajawahi kusimama ndani ya kibanja.

Akina mama walikuja wote. Hata yule wa barazani alikuja, akasimama nyuma. Lori lilimwaga mboji pale penye uwazi, nyeusi, inatoa mvuke kidogo. Hakuna aliyesogea. Nami sikusogea, Hellen. Nilitaka, lakini mkono wenyewe ulikataa, ukabaki kifuani. Nikaona aibu mbele ya mgeni aliyesafiri kutoka ziwani.

Sayi alinitazama. Alikunja mkono wa gauni lake, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya mboji mpaka kwenye kiwiko. Akaupitisha huku, akaupitisha kule, taratibu, kama mtu anayetafuta pete aliyoiangusha. Akautoa, akauingiza mahali pengine. Nikasikia mama mmoja anasema, "Waitu, jamani, atajikata." Akaendelea. Alizunguka rundo lote namna hiyo, amechafuka mpaka begani, jasho linamtiririka, na sisi tumesimama.

Nikamwambia, "Toa mkono, mwanangu. Basi. Tumeamini."

Akasema, "Bado upande huu." Akamaliza na upande ule.

Yule wa barazani ndiye aliyemletea maji ya kunawa. Alimshikia jagi mwenyewe.

Tuliigawa mboji mchana ule ule. Tumeweka kando ya njia na kwa baba yako, sehemu nyingine tumeiacha kwanza, tuone mvua za Septemba zitasemaje. Sitaki kukudanganya kwamba kibanja kimepona. Migomba bado ni myembamba. Lakini jana nilikaa pale kaburini nikimenya ndizi za jioni, na jua halikunifikia.

Kuhusu Byabato na kazi ya sokoni, usiniulize mimi. Wewe ni mtu mzima. Ila ukija kutembea, pita njia ya sokoni umchukue Sayi. Ameniahidi dagaa, nami nimemwahidi mkungu, na sitaki kumpa kondakta.

Ninayekupenda,
Shangazi Agnetha